Kutoka Kipenga hadi Leja: Mwongozo kwa Mwalimu wa Michezo Anayetaka Kusimamia Biashara ya Michezo Shuleni

Jumamosi moja timu yangu ilishinda mabao 3 kwa 1 kule Kilifi, pwani ya Kenya, nami nikarudi nyumbani Changamwe, Mombasa, na deni. Basi liliishiwa dizeli njiani, nikalipa kwa simu yangu. Wachezaji walikuwa na njaa, nikawanunulia chapati na maharage kwa mama mmoja kando ya barabara ambaye, masikini, hakuwa na kitabu cha risiti. Jumatatu asubuhi niliingia kwa bursa, yaani mhasibu wa shule, kifua mbele, nikamhadithia mechi bao kwa bao. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Hongera, mwalimu. Risiti ziko wapi?"

Sikuwa nazo. Pesa zile sikurudishiwa, na yule bwana nilimnunia muhula mzima. Leo mimi ndiye ninayekaa upande ule wa meza, na swali ninalowauliza walimu ni lile lile.

Nayaandika haya kwa mwalimu ambaye ameshaulizwa swali hilo, na badala ya kununa ameanza kujiuliza: huyu anayetaka risiti anafanya kazi gani hasa, na mimi nitaiweza?

Kazi yenyewe

Msimamizi wa biashara ya michezo hamfundishi mtu kupiga penalti. Yeye anahakikisha penalti hiyo ina mpira wa kupigwa, uwanja wa kupigiwa, basi la kuwafikisha wapigaji, bima ya atakayeumia, na fungu la fedha lililoidhinishwa kabla dereva hajawasha injini. Huandika bajeti ya mwaka, hununua vifaa, hutafuta na kulipa makocha wa nje, hukodisha uwanja au bwawa la kuogelea, hubisha milango ya wafadhili, na mwisho wa muhula huketi mbele ya bodi akaeleza kila shilingi ilikokwenda.

Katika shule za kibinafsi utamsikia akiitwa mkurugenzi wa michezo, au mratibu. Katika shule nyingi za umma cheo hicho hakipo. Kazi inagawanywa kati ya bursa na mwalimu wa michezo, na kinachoangukia katikati hakina mwenyewe. Akademi za kandanda na za kuogelea nazo zinamhitaji mtu huyu, hata kama wenyewe hawajajua jina la kumwita. Na mtaala umebadilika: Gredi ya 10 ilipoanza sekondari pevu Januari 2026, njia za masomo zilikuwa 3, na mojawapo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Shule inayofundisha njia hiyo haiwezi tena kuuhesabu mchezo kuwa jambo la saa kumi jioni, kengele ikishalia.

Hatua ya 1: Andika hesabu ya msimu mmoja ungali mwalimu

Usiache kazi. Usilipe karo ya chuo bado. Nunua daftari, au fungua jedwali kwenye kompyuta, uandike gharama ya kila mechi ya timu yako kwa msimu mmoja mzima, kuanzia ya kwanza hadi ya kutolewa. Wengi wanaoniuliza njia huiruka hatua hii kwa sababu haina cheti. Mimi naipa uzito kuliko zote zinazofuata.

Nikuonyeshe mechi moja. Tuseme ni safari ya Changamwe hadi Kilifi na kurudi, kama kilomita 130, wachezaji 18, walimu 2 na dereva. Bei hizi ni za mfano, wewe weka za kwako:

Dizeli lita 26 kwa 180: 4,680
Chakula cha watu 21 kwa 250: 5,250
Maji: 600
Dawa na barafu: 1,000
Posho ya dereva: 1,000
Posho ya walimu 2: 3,000

Jumla ni 15,530. Mwalimu wa kawaida huishia hapo. Msimamizi anaongeza mstari mmoja: jezi. Seti ya jezi 22 kwa 1,200 ni 26,400. Ikivaliwa mechi 24 kabla haijachakaa, kila mechi imekula 1,100. Sasa jumla ni 16,630, na ukigawanya kwa wachezaji 18, kila kijana amegharimu shilingi 924 kwa mechi moja.

Iweke namba hiyo kando ya nyingine. Mwongozo wa serikali wa 2018 wa shule za upili za kutwa uliweka shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na ndani yake shilingi 1,500 ndizo za shughuli zilizo nje ya darasa. Hizo 1,500 ni za kandanda na voliboli, na pia za muziki, drama na kongamano la sayansi, bila kusahau ada za vyama vya michezo. Yaani mechi moja ya Kilifi imekula zaidi ya nusu ya fungu la mwaka la kila mchezaji aliyepanda basi. Kwa shule ya wanafunzi 600 fungu lote ni 900,000 zikifika zote, na muulize bursa yeyote kama hufika zote, na kama hufika kwa wakati. Mechi 10 kama hiyo, kwa timu moja tu, ni 166,300.

Niliposema "mpira hauna pesa" nilikuwa nikilalamika. Baada ya hesabu hii nilianza kuuliza maswali ya maana. Kwa nini tunakwenda Kilifi kwa mechi ya kirafiki wakati Mikindani, hapa jirani, kuna timu nzuri? Kwa nini timu ya wasichana ya netiboli isipande basi hilo hilo ikacheza siku hiyo hiyo? Dizeli haiongezeki kwa sababu ya abiria.

Msimu ukiisha utakuwa na kurasa kama 20. Hizo ndizo wasifu wako wa kazi. Nimewahi kukaa kwenye meza ya usaili, na nakuambia mtu anayekuja na hesabu ya msimu mmoja, hata iliyoandikwa kwa mkono, humpita mwenye vyeti 3 na maneno matamu.

Hatua ya 2: Jiweke karibu na bursa

Mwombe bursa wako akufundishe karatasi za fedha za shule. Mpelekee chai ikibidi. Hujaja kupeleleza hesabu za shule, mwambie hivyo waziwazi, maana mashaka huingia upesi. Unataka kujua pesa inavyotembea.

Utajifunza kwamba kila shilingi ina fungu lake, na kwamba kuitoa fungu hili kwenda lile si uamuzi wa mwalimu, hata mwalimu mkuu akiwa swahiba wako. Utajifunza masurufu: pesa unayokabidhiwa kabla ya safari, ambayo lazima uirudishe kwa risiti au kwa noti. Utajua kwamba agizo la ununuzi hutangulia bidhaa, na bidhaa hutangulia malipo. Mipira ikifika huandikiwa S13 ya kupokea, mwalimu akiichukua hutia sahihi S11, na leja ya stoo, yaani daftari la kumbukumbu za vifaa, hubeba zote mbili. Ukiziona fomu hizi mara ya kwanza utadhani ni usumbufu tu. Siku mkaguzi atakapokuja ndiyo utakapozipenda.

Na yule mama wa chapati? Jibu lake lipo na ni jepesi. Beba karatasi ya malipo madogo iliyochapishwa na shule: jina la muuzaji, alichouza, kiasi, nambari ya simu, sahihi au dole gumba. Lipa kwa M-Pesa ili ujumbe wa simu uungane na karatasi. Bursa wengi huikubali kwa pesa ndogo wakiarifiwa kabla ya safari. Ukimwarifu baada ya safari, ni hisani tu.

Hatua ya 3: Sheria ambazo usipozijua zitakujua zenyewe

Nitakwenda mbio kwa zilizo rahisi.

Shule ya umma hununua chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015. Kwa manunuzi ya kawaida ya vifaa utatakiwa bei za wauzaji 3 kwa maandishi, na kuna asilimia 30 ya zabuni iliyotengewa vijana, wanawake na watu wanaoishi na ulemavu. Maana yake fundi kijana wa jezi aliyejisajili vizuri ana nafasi, na wewe una wajibu wa kumtafuta. Shule ya kibinafsi ina taratibu zake, lakini inalipa kodi, na tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, ule mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi, haikubaliki katika hesabu ya kodi. Kabla hujasifu bei ya muuzaji, muulize kama anatoa ankara hiyo.

Ukiwa bado umeajiriwa na TSC, tume ya kuwaajiri walimu, wewe ni mtumishi wa umma. Usiiuzie shule yako jezi, wala usiuze kupitia kwa shemeji. Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025 imelikaza jambo hili, na hata isingekuwepo, Mombasa ni ndogo. Shemeji yako anajulikana.

Ukianzisha klabu, jina la biashara ulilosajili kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, halitoshi: vilabu vya michezo husajiliwa kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013.

Kwa picha za watoto nitasimama kidogo, kwa sababu hapa ndipo walimu wazuri huumia. Timu imeshinda, simu zimetoka, na kabla basi halijafika Mtwapa picha ziko Facebook zikiwa na majina na gredi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia data ya mtoto, na picha yake ni data. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja nchini faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hizo ni seti za jezi 172, kwa bei yetu ya hapo juu. Dawa yake ni karatasi moja ya idhini mwanzoni mwa mwaka, pamoja na fomu ya afya, yenye visanduku viwili: nakubali, sikubali. Waliosema sikubali, mpiga picha apewe orodha yao. Mfadhili akitaka picha za mabango yake, hiyo ni idhini nyingine, usiichomeke ndani ya ile ya kwanza.

Kila kocha wa nje alete cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi kabla ya siku ya kwanza. Wakiwa safarini, mtu mzima asibaki na mtoto mmoja peke yao, iwe chumbani au ndani ya gari. Hili usilifanyie mjadala na mtu, hata awe kocha mwenye jina.

Hatua ya 4: Panga kwa kalenda ya Pwani

Ratiba za michezo ya shule huanzia kaunti ndogo, zikapanda kaunti, kanda ya Pwani, taifa, hadi Afrika Mashariki. Tarehe hizo hupangwa na vyama, wewe hushauriwi. Kinachobaki mikononi mwako ni yanayoizunguka tarehe, na hapo mgeni kutoka bara hata akiwa na shahada atakwama mwaka wa kwanza.

Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, na miaka hii inaangukia muhula wa kwanza. Nusu ya timu yako huenda imefunga. Mazoezi ya saa tisa alasiri juani hayafai. Peleka mazoezi mepesi karibu na magharibi, au baada ya tarawehe kama wachezaji wanaishi bwenini na taa zipo. Kwenye bajeti, fungu la chakula cha mchana halipotei, linahamia kwenye futari: tende, maji, uji, na mahamri ukiweza. Mechi ikipangwa siku hizo, mwombe mratibu aiweke ya kwanza asubuhi. Usiliweke jambo hili kama ombi la huruma. Andika barua, weka nakala. Idd nayo inategemea mwezi kuandama, kwa hiyo usilipe arbuni isiyorudishwa ya basi au uwanja kwa siku 3 zinazoigusa. Niliwahi kulipa. Tukaswali Idd siku ile ile niliyokodi uwanja, na mwenye uwanja akanitumia mkono wa Idd kwa ujumbe wa simu. Pesa hakutuma.

Ijumaa, kati ya saa sita na saa nane mchana, usipange kitu.

Kuanzia Disemba hadi Machi ni kaskazi. Jua lake si mchezo, maji yaongezwe mara mbili. Muhula wa pili, wenye kandanda na shangwe zote, unafunguka pamoja na masika, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Mombasa. Weka fungu la uwanja wa akiba tangu Januari, wakati hakuna mwingine anayeufikiria. Ukingoja mpaka uwanja wako ugeuke bwawa la bata, utakuta kila shule ya kisiwani inampigia simu mtu huyo huyo.

Timu ikitoka Likoni kuja kisiwani, usihesabu dakika za kivuko kama ramani inavyosema. Siku zingine barabara ya Dongo Kundu, isiyopitia kivukoni, ina mzunguko mrefu lakini ina uhakika, na uhakika una thamani siku ya mechi, maana ukichelewa unatoa ushindi wa mezani. Upande wa kaskazini, Malindi ni kama kilomita 120. Fainali ikiingia muda wa ziada na hafla ya vikombe ikavuta, kumbuka kwamba sheria ya trafiki hairuhusu basi la shule kuwa barabarani kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Kwa safari ya namna hiyo andika kabisa gharama ya kulala. Isipotumika, rudisha. Bodi humpenda mtu anayerudisha.

Hatua ya 5: Jifunze kuingiza pesa

Kutumia vizuri ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuleta.

Anza na kile shule inacho tayari. Uwanja ulio wazi Jumamosi na Jumapili alasiri ni mali iliyolala. Tuseme unakodishwa saa 4 kila wikendi kwa 1,500 kwa saa: 6,000. Kwa wikendi 36 ni 216,000. Toa mlinzi na usafi 36,000, toa nyasi na maji 60,000, zinabaki 120,000. Usipunje lile fungu la nyasi, tafadhali. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvi, na nyasi iliyonyweshwa chumvi ikakanyagwa na wanaume wa vitambi kila Jumapili haifiki Agosti.

Kila senti iingie kwenye akaunti ya shule kwa Paybill ya shule, na risiti itoke. Simu ya mwalimu si benki. Kwa shule ya umma, makubaliano yapite kwanza kwenye kumbukumbu za kikao cha bodi ya usimamizi. Kikao hicho kinaweza kuchukua miezi miwili, kwa hiyo peleka ombi mapema.

Kambi za likizo ni chanzo cha pili. Wazazi wa mjini wana watoto nyumbani Agosti na Disemba, na wako tayari kulipia kuogelea kwa wiki 2. Hapa usianze mpaka umepata mwokoaji aliyefuzu anayekaa kando ya maji na hafanyi kazi nyingine yoyote. Mwalimu anayefundisha hawezi kuwa mwokoaji kwa wakati huo huo. Ukikosa pesa ya mwokoaji, huna kambi.

Kisha wafadhili. Barua nyingi za kuomba ufadhili zinazonifikia huanza na historia ya shule na kuishia kwa "chochote mtakachojaliwa". Mwenye duka la vifaa vya ujenzi hajui afanye nini na barua hiyo, anaiweka chini ya kalenda. Jaribu hivi:

"Bwana Meneja, shule yetu ina timu 6 zenye wachezaji 140. Kati ya Mei na Julai tutacheza mechi 12 nyumbani. Tunaomba seti 2 za jezi zenye thamani ya shilingi 52,800; bei za wauzaji 3 zimeambatishwa. Nembo yenu itakaa kifuani kwa misimu 2. Mwisho wa muhula tutawaletea ripoti ya kurasa 2 yenye matokeo na nakala ya ankara."

Ni fupi, ina kiasi, ina muda, na inamwambia atapata nini. Wafadhili wangu wa mwaka wa pili wote walitoka kwenye ile ripoti ya kurasa 2. Kampuni za kamari na pombe usizikaribishe kwenye kifua cha mtoto hata zikikuletea basi jipya. Hilo ni langu mimi, na silihitajii sheria.

Hatua ya 6: Masomo

Sasa ndipo uende chuo, ukijua unachokifuata. Kama udhaifu wako ni hesabu, mitihani ya kasneb, bodi ya mitihani ya uhasibu, inafanyika ukiwa kazini, na huna haja ya kufika ngazi ya mwisho ya CPA, cheti cha mhasibu kamili, ili usomeke. Kama unataka usimamizi wa michezo wenyewe, Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara yake. Usichukue shahada ya pili kwa sababu jirani amechukua. Nawajua watu wenye shahada hiyo wasioweza kusoma leja ya stoo.

Jambo moja la bure: kaa na jedwali la kompyuta mpaka likutii. Ukiweza kujumlisha, kuchuja na kuchora mchoro mmoja unaoeleweka na mjumbe wa bodi asiye na miwani, umewapita wengi.

Hatua ya 7: Kabla hujaandika barua ya kujiuzulu

Mshahara wa shule ya kibinafsi unaweza kuonekana mnene kwenye karatasi. Uweke kwenye mizani. Katika mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma ulioanza Januari 2021, wewe unaweka asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi na mwajiri anaweka 15. Kwa mshahara wa msingi wa 50,000, mwajiri anakuwekea 7,500 kila mwezi ambazo huzioni. Ukihama, michango hiyo ya mwajiri inakoma. Muulize mwajiri mpya anaweka nini badala yake, na bima ya afya ya familia inafika wapi. Uliza pia mkataba ni wa muda gani, na kama mshahara unaendelea Aprili, Agosti na Disemba. Kuna walimu waliogundua jibu la swali hilo la mwisho Agosti ilipofika.

Kama una zaidi ya miaka 50, mimi ningekushauri ufanye hesabu hii mara mbili na uone kama huwezi kuifanya kazi ya usimamizi hapo hapo ulipo, ukingoja miaka 60 ya kustaafu. Kama una miaka 30 na kitu na huna mkopo mkubwa, wakati ni huu. Barua ya kujiuzulu ipitie kwa mwalimu mkuu, ifuate muda wa notisi wa TSC, na ukabidhi vifaa kwa orodha iliyotiwa sahihi pande mbili. Nakala moja ibaki nyumbani kwako.

Kwenye usaili jiandae kwa swali moja ambalo bodi hupenda kuliuliza: "Bajeti ikipunguzwa robo, utaacha nini?" Ukijibu kwamba utajitahidi, umekwisha. Fungua zile kurasa 20. Onyesha mechi za kirafiki za mbali zinazoweza kuletwa karibu, safari zinazoweza kuunganishwa, jezi zinazoweza kungoja mwaka. Kisha sema usichokigusa: maji, dawa, bima. Wakikubishia hapo, huenda shule hiyo si yako.

Hatua ya 8: Wiki za mwanzo

Kishawishi kikubwa kitakuwa kipenga. Jioni utasikia mpira unadunda, utatoka ofisini, na kabla hujajijua unamwelekeza beki namna ya kusimama. Usifanye hivyo. Kocha aliyepo ana mamlaka yake, na ukiyala mbele ya watoto hatakuletea risiti kwa wakati tena. Mimi nilijiwekea sharti: uwanjani naingia na kalamu tu.

Anza na stoo. Hesabu kila kitu kwa mkono wako kabla hujaandika bajeti yoyote. Wiki yangu ya kwanza mwalimu mmoja kijana alikuja mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu. Mipira imekwisha."

"Marahaba. Imekwisha au imepotea?"

Akacheka, nami nikachukua leja. Mipira 12 ilinunuliwa Januari. Tukaenda pamoja. Mizima ilikuwa 4. Iliyopasuka ilikuwa 3, nayo tuliikuta chini ya benchi la walimu, na miwili kati yake ilihitaji fundi wa shilingi 150 tu. Mingine 2 iliazimwa na shule ya jirani, bila karatasi. Mitatu haikujulikana.

Sikumgombeza. Nilimwandikia S11 ya ile 4, nikaipigia simu shule ya jirani, nikampa kijana 300 za fundi kutoka kwenye masurufu. Ile 3 isiyojulikana iliko niliiandika kwa wino mwekundu, nikamwomba atie sahihi pembeni. Alitia, polepole. Jumatatu iliyofuata nilipofungua stoo nilikuta mipira 2 ya ile nyekundu imewekwa mlangoni, imepanguswa vumbi, na hakuna aliyesema imetoka wapi.